UVIMBE WA TAYA LA MTOTO HAUNGOJI MAVUNO

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa watoto. Ugonjwa huu huvimbisha taya. Ni saratani, ambayo watu wengi huiita kansa. Jina lake ni saratani ya Burkitt. Hutamkwa "Bakiti".

Wengi wakisikia neno kansa hukata tamaa. Husema, "Hiyo haina dawa." Kwa ugonjwa huu maneno hayo si kweli. Dawa ipo, na watoto wengi waliotibiwa mapema wamepona. Lakini ugonjwa huu una mbio sana. Uvimbe mdogo wa leo unaweza kuwa mkubwa mara mbili baada ya siku chache. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe wa taya asikae nyumbani akingoja pamba iuzwe. Kwa maoni yangu, nauli yake ni kazi ya kijiji kizima.

SI UCHAWI

Mwaka 1957, daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda. Aliona mtoto aliyevimba mataya, kulia na kushoto, juu na chini. Baadaye akaona mtoto mwingine wa namna hiyo. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini. Tanganyika nayo waliipitia. Kila hospitali waliyofika waliuliza juu ya watoto wenye uvimbe huo. Waliona kwamba ugonjwa uko zaidi mahali penye joto na mvua, ambako malaria ni nyingi. Milimani kwenye baridi ulikuwa haba.

Mwaka 1964, wataalamu wa London waliona virusi ndani ya uvimbe huo. Virusi ni vijidudu vidogo mno. Karibu watoto wote wa kwetu huvipata wangali wadogo, kwa njia ya mate, na wengi hawadhuriki. Lakini mtoto akiugua malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huvurugika. Hapo saratani inaweza kuanza.

Basi huu si uchawi. Si laana. Si kosa la mama. Tena mtoto mgonjwa hamwambukizi mtu saratani. Acha acheze na wenzake.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu hupata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, hasa wavulana. Taya huvimba. Mara nyingi uvimbe hauumi mwanzoni. Meno hulegea, ingawa hayajaoza. Jicho laweza kutokeza nje. Watoto wengine huvimba tumbo. Wengine miguu hukosa nguvu.

Si kila uvimbe wa taya ni saratani. Mara nyingi ni jipu la jino. Jipu huuma, huwa la moto, na hupungua jino likitibiwa. Lakini wewe na mimi hatuwezi kuamua kwa macho. Kung'oa meno yaliyolegea hakuondoi saratani. Kuchanja chale hakuondoi. Kupaka majani hakuondoi. Hayo yote hula siku za mtoto.

HOSPITALINI

Mpeleke mtoto kwenye zahanati upesi. Uvimbe ukiendelea kukua baada ya kutibiwa jino, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Katika Tanzania, saratani hutibiwa katika hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi.

Daktari atachukua kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe kwa hadubini. Usiogope. Bila kipimo hicho hajui ampe mtoto dawa gani. Atapima pia damu, tumbo na maji ya uti wa mgongo, ajue ugonjwa umefika wapi.

Saratani hii haitibiwi kwa kukata taya. Hutibiwa kwa dawa zinazotiwa kwenye mshipa. Dawa hutolewa kwa vipindi, na huchukua wiki nyingi kumalizika. Ni dawa kali. Mtoto hutapika na nywele hunyonyoka. Nywele zitaota tena. Lakini mtoto akipata homa wakati huo, arudishwe hospitali siku ile ile.

Hapa pana mtego. Uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache tu. Mzazi hufurahi, hufunga mizigo, hurudi nyumbani. Ndugu mkulima, wewe unajua magugu. Ukikata majani na kuacha mizizi, shamba huonekana safi. Mvua ikinyesha, magugu huchipua. Saratani nayo hurudi hivyo, na ikirudi ni ngumu zaidi kutibu. Maliza dawa zote.

TUFANYE NINI?

Watu wengine huwalaumu akina mama kwa kuchelewa au kutoroka hospitali. Mimi siwalaumu. Mama aliyekaa hospitali miezi miwili ameacha watoto wengine nyumbani. Ameacha shamba. Baba anatuma habari arudi. Wazee wanasema amekaa mno. Fedha zimekwisha. Je, afanyeje?

Mtoto akifa, sisi wanakijiji huchanga sanda siku ile ile. Kwa nini tusichange nauli siku ile ile angali hai? Sanda tunaiweza. Basi na nauli tunaiweza.

Mkutano wa kijiji uweke mfuko mdogo wa wagonjwa, wenye daftari na mweka hazina. Majirani wapalilie shamba la mama aliye hospitali. Baba asiseme, "Nitafikiri." Aseme, "Nendeni leo." Mwalimu akimwona mwanafunzi mwenye taya lililovimba, awaite wazazi. Na sote tulaze watoto ndani ya chandarua chenye dawa, na tuwatibu malaria mapema.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa taya la mtoto hauna ukuta wa kujenga baadaye. Uzibe sasa.

JADILINI DARASANI

1. Jipu la jino na saratani ya Burkitt hutofautianaje?
2. Kwa nini ni hatari kuacha dawa uvimbe unapokwisha?
3. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali kubwa nauli ni kiasi gani? Mtaipataje kwa siku moja?