Wingi Si Hoja: Funzo la Chuo Kidogo cha Nashville



Kila muhula unapokaribia kwisha, idara huhesabu vichwa. Darasa la Kiswahili la mwaka wa kwanza hujaa mpaka watu wanakosa viti. La mwaka wa pili hupungua. La mwaka wa tatu, ambako ndiko tunakoanza kusoma riwaya na kubishana kwa Kiswahili bila kukimbilia Kiingereza, hubaki na watu wa kuhesabika kwa vidole. Hapo ndipo inapokuja barua ile ile: wanafunzi hawatoshi, darasa huenda likafungwa.

Sitaki kuwalaumu wanaohesabu. Fedha ni fedha, na mwalimu hali hewa. Ninachopinga ni kipimo chenyewe. Tumezoea kujibu barua hiyo kwa huruma, kana kwamba tunaomba sadaka. Mimi naona tuna hoja, na ili niieleze nitawapeleka mahali ambapo pengine hamkutarajia: chuo cha theolojia cha Wabaptisti huko Nashville, Tennessee. Klabu yetu ina Waislamu na Wakristo wa kila dhehebu, na wengine wasio na dini. Nawaomba wote mnivumilie, maana habari hii inatuhusu sote.

Chuo hicho leo kinaitwa American Baptist College. Zamani kiliitwa American Baptist Theological Seminary. Kilifunguliwa mwaka 1924 kuwafundisha wachungaji weusi. Kilianzishwa na pande mbili: muungano wa makanisa ya Wabaptisti weusi, na ule wa Wabaptisti wazungu wa Kusini. Tusijidanganye kuhusu nia za ushirika huo. Wakati ule mwanafunzi mweusi hakuweza kukaa darasa moja na wazungu katika seminari zao za Kusini. Kuchangia chuo cha pembeni kulikuwa msaada, na pia kulikuwa njia ya kuulinda ubaguzi. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Chuo kilikuwa kidogo na maskini. Nashville hiyo hiyo ilikuwa na Fisk, chuo kikuu cha watu weusi chenye jina kubwa, na Meharry kilichofundisha madaktari. Mtu mwenye karatasi ya hesabu mkononi angeuliza chuo hiki cha wachungaji, juu ya kilima karibu na mto Cumberland, kina faida gani.

Mwaka 1957 alifika pale kijana wa miaka 17 kutoka shamba moja karibu na Troy, Alabama. Jina lake John Lewis. Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipia chuo. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha watoto yatima cha Wabaptisti, alileta nyumbani gazeti lenye tangazo la chuo hicho: ada hakuna, mwanafunzi atafanya kazi. Basi Lewis akaenda, akaosha masufuria jikoni ili asome.

Bweni lilimkutanisha na Bernard Lafayette, kijana kutoka Tampa, Florida, na James Bevel wa Mississippi, aliyewahi kuwa mwanamaji. Mwalimu wao wa somo la mahubiri, Kelly Miller Smith, alikuwa pia mchungaji wa kanisa moja mjini na kiongozi wa mapambano ya haki za watu weusi. Kupitia mtandao huo Lewis alifika kwenye mafunzo ya James Lawson, mwanafunzi wa theolojia wa Vanderbilt, aliyewafundisha vijana kupigania haki bila kupiga mtu. Lewis akamvuta Lafayette. Bevel alisitasita, naye pia mwishowe akaja.

Tarehe 13 Februari 1960 wanafunzi wa vyuo vya Nashville walianza kuketi kwenye kaunta za chakula katika maduka ambamo watu weusi waliruhusiwa kununua lakini si kula. Tarehe 27 walipigwa, kisha wakakamatwa wao badala ya waliowapiga. Lewis alikuwa ametimiza miaka 20 siku sita tu kabla. Nadhani wengi wetu humu tuna umri huo. Mwezi wa Aprili nyumba ya wakili wao, Z. Alexander Looby, ililipuliwa kwa bomu. Maelfu waliandamana kimya mpaka ofisi ya meya, na hapo Diane Nash, mwanafunzi wa Fisk, akamuuliza meya ana kwa ana kama ubaguzi ni haki. Tarehe 10 Mei maduka sita ya katikati ya mji yakafungua kaunta zake kwa watu weusi.

Mwaka uliofuata, mabasi ya waliokuwa wakipinga ubaguzi kwenye usafiri yaliposhambuliwa Alabama na safari ikakwama, wanafunzi wa Nashville ndio waliokwenda kuiendeleza, wakiwemo wa chuo kile kidogo. Kisha Lafayette akaenda Selma kuandikisha wapiga kura, Bevel akatoa wazo la maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, na Lewis akawa mbele darajani tarehe 7 Machi 1965, alipopasuliwa kichwa na polisi. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini Agosti mwaka huo. Watu watatu wa bweni moja!

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Kwanza, atasema, nimechagua mfano uliofaulu. Vyuo vidogo vingapi havikutoa John Lewis? Pili, Fisk na vyuo vingine vikubwa vilishiriki pia. Tatu, chuo chenyewe hakikuwa shujaa. Hili la tatu ni kweli kabisa. Lewis alipotaka kufungua tawi la NAACP pale chuoni, wakubwa walikataa kwa sababu waliogopa kuwaudhi wafadhili wazungu. Udogo una adha zake: mwenye mfuko mdogo huogopa mkono unaomlisha. Sisemi basi kwamba kidogo ni kizuri kwa sababu ni kidogo.

Ninachosema ni hiki. Kipimo cha darasa kisiwe idadi peke yake. Tuulize pia: darasa hili likifungwa, waliomo watakwenda wapi? Lewis hakuwa na pa kwenda. Chuo kikubwa chenye ada kisingempokea mtoto wa mkulima asiye na senti. Kwa mwenye jedwali yeye ni kichwa kimoja tu, lakini kwake yeye ule ulikuwa mlango pekee.

Sasa tujitazame. Darasa la mwaka wa kwanza lina wenzetu wengi wanaotaka kujaribu lugha mpya, nao wanakaribishwa kwa mikono miwili. Wakikosa Kiswahili watachukua lugha nyingine. Lakini waliobaki mwaka wa tatu wengi wao ni watoto wa nyumba zetu. Kuna aliyezaliwa kambini na kukulia hapa, anayekwenda na mama yake hospitali na kumtafsiria maneno ya daktari ambayo yeye mwenyewe hayajui kwa Kiswahili. Kuna anayemwelewa bibi yake kwenye simu lakini akitaka kumjibu kwa adabu anaishiwa maneno baada ya "shikamoo". Kiswahili cha jikoni tunacho. Cha mahakamani, cha hospitali, cha kitabu, hakuna mwingine atakayetufundisha. Tukifungiwa mlango huu hatuna mlango wa pili.

Tena darasa hili halikuanguka kutoka mbinguni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi weusi wa nchi hii walidai masomo ya Afrika katika vyuo vyao, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha walizozitaka. Watu wa kizazi cha Lewis waliitazama Afrika kwa makini. Lewis mwenyewe alisema kaulimbiu ya "mtu mmoja, kura moja" aliitoa kwenye picha ya wanawake wa Rhodesia waliobeba mabango. Mwaka 1964 alisafiri Afrika, akawa Zambia ilipopata uhuru mwezi wa Oktoba, na Nairobi akakutana bila kupanga na Malcolm X. Viti tunavyokalia vilidaiwa na watu walioweka miili yao rehani. Kuviacha vitolewe kwa sababu hatukujaza fomu kwa wakati ni aibu yetu.

Naam, yetu. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwa idara: hesabuni wastani wa miaka miwili, si wa muhula mmoja, kwa maana darasa la lugha hupanda na kushuka. Kwa walimu: fikirieni kuunganisha darasa la mwaka wa tatu na la chuo jirani kwa njia ya video, vichwa vihesabiwe pamoja. Kwa wanachama: acheni kusubiri wiki ya mwisho kujiandikisha. Idara huamua kabla ya wiki hiyo, na jina lako likiwa halimo, haupo.

Chuo cha Nashville bado kipo. Miaka ya 1990 Wabaptisti wazungu wa Kusini walikabidhi sehemu yao, na mwaka 2013 serikali ikakitambua rasmi kama chuo cha kihistoria cha watu weusi. Hakijawa kikubwa. Kinaendelea kufundisha.

Wahenga walisema mdharau mwiba, mguu huota tende. Wenye majedwali tuwakumbushe hilo kwa heshima, kwa barua yenye hoja na majina. Karatasi ya majina itakuwa mezani kwenye mkutano wetu ujao. Njooni na kalamu.