Kwa Mujibu wa Sheria Ipi?

Vijana wanaomaliza kidato cha sita na kupelekwa JKT wana jina lao makambini: huitwa "mujibu wa sheria". Jina hilo limezoeleka mno, lakini kwangu limebeba somo zima la sheria ya katiba. Linatuambia kwamba kijana yule hakuletwa kambini na matakwa ya mkuu wa shule wala ya mkuu wa wilaya, bali na sheria iliyotungwa na Bunge. Basi tujiulize, ndugu msomaji: mafunzo mengine ya maadili, uzalendo na nidhamu tunayolazimishwa shuleni na maofisini, ni kwa mujibu wa sheria ipi?

Ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti, kisha inataja kazi zisizohesabiwa kuwa za shuruti. Mojawapo ni ile itokanayo na hukumu ya mahakama. Sisi wa Kingolwira, majirani wa gereza, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Nyingine ni ujenzi wa taifa wa lazima, lakini ikiwa tu umewekwa na sheria. Na hata ulipowekwa na sheria haukupita kimya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti yake, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Lazima hiyo ilisitishwa mwaka 1994, ikarejeshwa mwaka 2013. Binafsi siipingi.

Mwaka huohuo wa 2013 Mahakama ya Rufani iliamua shauri ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu na kila ofisa utumishi angepaswa kulijua. Wanafunzi wa imani ya Mashahidi wa Yehova, zaidi ya mia moja, walikuwa wameadhibiwa, baadhi yao kwa kufukuzwa shule, kwa sababu hawakuimba wimbo wa taifa. Walishindwa Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ikawapa haki: kutoimba kwa sababu ya imani si kuudharau wimbo huo. Marekani ilifika hapo mwaka 1943, katika shauri la kusalimu bendera, tena vita vikiwa vimepamba moto.

Hukumu hiyo haimzuii mwalimu kufundisha uzalendo. Inamzuia kumlazimisha mtoto kuutamka. Tofauti hiyo ndiyo mpaka wenyewe, nao unavukwa kila siku na watu wenye nia njema kabisa.

Kazini hali haitofautiani sana. Mwajiri ana haki, na mara nyingine wajibu, wa kufundisha: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awafunze wafanyakazi wake. Somo la rushwa au la unyanyasaji wa kijinsia nalo halina ubishi. Anayelikwepa asitafute hifadhi katika Katiba. Lakini kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinauliza kama amri aliyoivunja ilikuwa ya haki, ilikuwa wazi, na ilijulikana kwake. Tena semina ya lazima ikiangukia siku ya mapumziko ya wiki, mimi naihesabu kuwa kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya siku hiyo ilipwe mara mbili. Waandaaji wa semina hulisahau hilo kwa urahisi wa ajabu.

Kwa hiyo mtumishi akipokea barua ya kumwita kwenye mafunzo, ushauri wangu ni kwamba ahudhurie, asikilize, na aulize maswali. Akiwekewa mbele karatasi ya kukiri kwamba anaafiki yote yaliyosemwa, aombe kwa maandishi aoneshwe kifungu kinachomtaka aisaini.