Bastola ya mtumba kiunoni mwa kijana wetu

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, alinitumia picha kwa WhatsApp. Juu ya meza ya jikoni palitandazwa gazeti, na juu ya gazeti pana bastola fupi nyeusi iliyopakwa grisi nzito kama vyuma vya mashine ya boti. Chini ameandika: "Shikamoo mjomba. Hii ni Ceska, nimeipata bei ya kutupa. Grisi hii naitoaje?"

Alinijia mimi kwa sababu maisha yangu nimeyamaliza kwenye mashine za boti na grisi naijua. Lakini swali la grisi ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote niliyotaka kuongea naye. Nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Vijana wengi wa Pwani walioshinda bahati nasibu ya viza wako kule, wanaendesha magari ya vifurushi usiku, wanasikia mwenzao kaporwa, na duka la silaha liko barabara ya pili.

Neno Ceska hapa kwetu halihitaji maelezo. Hata asiyewahi kuishika silaha amelisikia kwenye taarifa za polisi, "bastola aina ya Ceska" imepatikana kwa mshukiwa fulani, ikiwa na risasi kadhaa. Ni jina la kiwanda, Česká zbrojovka, kilichoko mji wa Uherský Brod katika nchi ya Cheki. Ile aliyonunua mpwa wangu ni CZ 82, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Chekoslovakia kuanzia miaka ya 1980. Urefu wake ni kama sentimita 17, uzito gramu 800 hivi, na inabeba risasi 12. Mwaka 1993 nchi ile ikagawanyika mbili. Mwaka 1999 Cheki ikaingia NATO, ambako bastola hutumia risasi ya aina nyingine. Silaha nzima nzima, nyingine hazijatumika sana, zikawa hazina kazi ghalani.

Hapo ndipo biashara ya mtumba inapoanza. Anayeijua Kongowea ataielewa mara moja: kitu kilichochosha huko kilikotoka, kinafungwa robota, kinapata mnunuzi upande wa pili wa bahari. Tofauti ni kwamba Marekani, ambayo mitumba yake ya nguo hutufikia sisi, kwa bastola ndiyo inayonunua. CZ 82 zilipoingia kwa wingi miaka ya 2000 ziliuzwa kwa karibu dola 200. Bei imepanda tangu wakati huo. Mpwa wangu ametoa dola mia tatu na kitu, yaani kama shilingi 40,000 za kwetu.

Mlango huo haukuwa wazi siku zote. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 ilikuwa mtumba wa jeshi la Italia, Lee Harvey Oswald aliyeagiza kwa posta kutoka duka la Chicago kwa dola 19 na senti 95, bila kuhesabu gharama ya kutumiwa. Miaka mitano baadaye, 1968, ikatungwa sheria iliyokomesha kuagiza bunduki kwa posta namna ile na kupiga marufuku kuingiza silaha kuukuu za majeshi ya nje. Mwaka 1984 marufuku hayo yakalegezwa: zile zinazohesabiwa kuwa za kale au za kumbukumbu ziruhusiwe. CZ 82 imo katika hesabu hiyo ingawa haijatimiza hata miaka 50. Kwa hiyo kijana anayetaka kitu cha kubeba chini ya shati anauziwa, kisheria, kitu cha makumbusho.

Nisimwache na grisi yake. Nilimwambia kwanza atoe kasha la risasi, avute chuma cha juu nyuma, atazame ndani ya mtutu kwa macho na aingize kidole, kisha arudie tena. Risasi zote zikae chumba kingine hadi kazi iishe. Mara ngapi tumesoma kwamba fulani "alikuwa akisafisha bastola, risasi ikafyatuka"? Silaha tupu haifyatuki. Aliyekufa aliamini ni tupu, hakuangalia. Kisha afungue vipande, na bastola hii hufunguka kwa kuvuta chini kile kikingio cha kifyatulio, aviloweke katika mafuta ya taa, asugue kwa mswaki wa zamani, apitishe kitambaa ndani ya mtutu mpaka kitoke cheupe. Asisahau tundu la pini, kwani grisi iliyoganda humo huifanya pini isigonge sawasawa, na bastola inayokataa kulia siku ya haja ni chuma tu cha kumtia mtu matatani. Springi ya zamani abadilishe, si ghali. Mwisho apake mafuta kidogo sana. Watu wa boti tunajua kwamba mafuta mengi hukusanya uchafu.

Risasi nazo ni habari nyingine. Bastola hii hula risasi ya Kirusi, ile ya Makarov. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba haitatoa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, kufuatia kutiliwa sumu kwa mwanasiasa Alexei Navalny. Wapo wengine wanaozitengeneza, lakini chanzo kikubwa cha risasi za bei nafuu kikafungwa. Ugomvi wa wakubwa umemfikia dereva wa vifurushi Columbus, ambaye anatakiwa afanye mazoezi ya kulenga na hana pesa ya kununua risasi za mazoezi. Nilimuuliza amepiga ngapi tangu anunue. Akanijibu: "Bado, mjomba." Na tayari alikuwa ameibeba kazini siku tatu.

Alibeba kwa sababu sheria ya Ohio inamruhusu. Tangu tarehe 13 Juni 2022, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kuficha bastola mwilini bila leseni na bila saa hata moja ya mafunzo. Siku kumi baada ya hapo Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi iliyotoka New York, kwamba raia ana haki ya kubeba bastola hadharani kwa kujihami, na jimbo haliwezi kumtaka athibitishe haja ya pekee. Leo majimbo 29 kati ya 50 hayadai leseni. Kwa sisi tuliozoea Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambako bila cheti cha bodi ya leseni hata kuigusa ni kesi, hili ni gumu kuingia akilini.

Hapa ndipo panapowanasa wageni. Ruhusa ile ni ya Ohio. Akivuka mpaka kuingia Pennsylvania na bastola imefichwa ndani ya gari, bila kadi ya leseni, amevunja sheria. Akiendelea mpaka New Jersey, lile kasha la risasi 12 peke yake ni kosa, kwa kuwa jimbo hilo limeweka kikomo cha 10. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye leseni halali ya Pennsylvania alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani, akamwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola, akakamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka zaidi ya mitatu. Ilibidi gavana amsamehe, 2015. Mswada wa kulazimisha kila jimbo litambue ruhusa ya jimbo jingine hurudi Washington kila mara. Mwaka 2017 ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafia Seneti.

Hata ndani ya Ohio kuna tundu ambalo wauzaji hawalisemi sana. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha katika umbali wa futi 1,000 kutoka shuleni, yaani kama mita 300, na anayesamehewa ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo lenyewe. Asiye na leseni, hata kama jimbo limemruhusu kubeba, hasamehewi. Dereva wa vifurushi hupita shule ngapi kwa usiku mmoja?

Kisha kuna fomu. Kila anayenunua dukani hujaza fomu ya serikali kuu, na FBI huangalia rekodi zake. Aliye na viza ya masomo au ya matembezi hana ruhusa ya kumiliki silaha, isipokuwa kwa milango michache kama kibali cha kuwinda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Fomu inauliza pia kama anatumia bangi au dawa nyingine yoyote iliyodhibitiwa. Ohio bangi imehalalishwa kwa kura tangu 2023, lakini fomu ile ni ya Washington. Na miraa, wasomaji wangu, kemikali yake imo katika orodha hiyo hiyo ya Marekani. Hapa tunabishana na magavana juu ya muguka, kule mtafunaji anayejaza "hapana" ametoa taarifa ya uongo kwa serikali kuu. Mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana miaka kumi pale na watoto waliozaliwa pale.

Lililoninyima usingizi zaidi, lakini, ni askari wa barabarani. Philando Castile alikuwa na leseni. Alikuwa mfanyakazi wa jikoni la shule, miaka 32, mweusi. Tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa Falcon Heights, Minnesota, akamwambia afisa kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, mchumba wake ubavuni na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata afisa yule aliachiliwa huru na mahakama. Ohio, hadi 2022, aliyebeba alitakiwa amwambie polisi mara moja. Sasa analazimika anapoulizwa. Aseme mapema au asubiri aulizwe? Castile alisema mapema. Mpwa wangu ni mweusi, jina lake ni la Kiislamu, lafudhi yake ya Kisauni haijafutika, na anaendesha usiku kwenye mitaa asiyojulikana. Bastola ile ameinunua kwa kumhofia mporaji. Atakayekutana naye mara nyingi zaidi ni askari.

Na kuna jambo tusilopenda kulitaja kwa sauti. Mwaka 2023 zaidi ya watu 46,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Wazazi tunaoletewa picha za theluji na magari hatuletewi picha ya upweke wa chumba kimoja mwezi wa Januari. Kijana aliyepoteza kazi, au aliyeachwa, au aliyelemewa na madeni ya nyumbani anayotumiwa kila wiki kwa simu, asiwe na kitu kile kwenye droo. Kama yuko kwenye hali hiyo ampe rafiki amwekee, au kirudi dukani. Na sisi tupunguze kumtumia madeni.

Wapo watakaosema hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini. Serikali zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana kwa Itifaki ya Nairobi ya 2004 juu ya kudhibiti silaha ndogo, zikiwemo zile zilizozidi mahitaji ya dola. Novemba 2016 bunduki haramu 5,250 zilichomwa moto Ngong. Pwani tunajua kwa nini. Agosti 1997 waliovamia kituo cha polisi cha Likoni waliondoka na bunduki za serikali, na damu iliyofuata bado inahesabiwa kwenye nyumba za watu. Marekani wameamua vingine. Idara nyingi za polisi huko hurudisha bastola kuukuu kwa wauzaji ili wapunguziwe bei ya mpya, na zile kuukuu zinauzwa kwa yeyote anayepita ukaguzi. Uchunguzi wa vyombo vya habari vya The Trace, Reveal na CBS, uliotolewa 2024, ulikuta kwamba zaidi ya silaha 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilipatikana kwenye uhalifu tangu 2006. Kodi ya raia ilizinunua, punguzo la bei likaziuza, na baadhi zikamrudia raia yule yule.

Sikumwambia aitupe. Ni mtu mzima, na aliyeporwa ni mwenzake, si wangu. Nilimwambia mambo matatu: asibebe tena mpaka apate leseni ya jimbo, ambayo Ohio bado inaitoa kwa hiari baada ya saa nane za mafunzo, amuulize mwajiri wake kwa maandishi kama anaruhusu silaha garini, na anunue sanduku la chuma lenye kufuli kabla ya kununua ala ya kiunoni.

La mwajiri lilijibiwa siku ya pili: hairuhusiwi, na anayekutwa nayo anafutwa kazi. Kwa hiyo bastola ile, iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi ya usiku, imebaki nyumbani, safi, grisi yote imetoka. Sanduku amelinunua. Darasa ameandikishwa Jumamosi ya wiki ijayo. Mamake amejua juzi, na tangu hapo simu yangu haijapumzika.