Kunakili ni Kusoma kwa Mkono

Wapo miongoni mwetu wanaoona haya kunakili. Husema kwamba msanii wa kweli hubuni chake, na afuataye nyayo za mwingine ni mwizi tu. Siafikiani nao, na hoja yangu nimeipata mbele ya turubai, si mbele ya daftari la mashairi.

Kwa majuma kadhaa nimejizoeza kuichora upya picha ya Mfaransa Paul Cézanne, aliyoichora mnamo 1895 hivi, ambayo leo imo katika Musée d'Orsay, Paris. Ni mwanamke wa gauni la buluu, ameketi wima, mikono mapajani. Kando yake ipo meza yenye birika la kahawa na kikombe ambacho kijiko chake kimesimama. Hakuna zaidi.

Mwanzoni niliona makosa. Uso wa meza umeinuka kana kwamba twautazama kutoka juu, ilhali birika twalitazama kwa mbele. Nikamsahihisha bwana mkubwa: meza nikailaza, kijiko nikakiinamisha. Picha ikafa. Kumbe kijiko kile kilisimama kwa kuwa birika limesimama, na birika kwa kuwa mwanamke naye ameketi wima kama nguzo. Nilichokiita kosa kilikuwa kanuni, na macho yangu yasingaliiona lau mkono haukuivunja.

Mara ngapi nasi tumezinakili tungo za Lamu na Mombasa tukazisanifisha? Twaligeuza "mato" kuwa "macho" tukidhani twamfaa msomaji, kumbe kina cha -to tumekwisha kukiua. Anayenakili kwa uaminifu hulazimika kwanza kuuliza: kwa nini neno hili, na kwa nini hapa?

Wahenga wetu walilijua hili. Katika takhmisi, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Hawezi kuongeza asichokielewa. Cézanne naye alikuwa akienda Louvre kunakili kazi za waliomtangulia.

Sharti ni moja: mwenye kazi atajwe. Kunakili na kutaja ni uanafunzi. Kunakili na kunyamaza ndio wizi.

Meza yangu nimeifuta na kuanza upya. Safari hii nimeiacha iinuke.