Changa Pesa, Lakini Faili ya Mgonjwa Ibaki Hospitalini

Umeongezwa kwenye kikundi kipya cha WhatsApp: “Matibabu ya Mama”. Kabla hujajua ni mama yupi, picha zishatumwa. Mgonjwa yuko kitandani na mipira puani. Kuna barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, bili, na kitambulisho mbele na nyuma. Chini kabisa, nambari ya kutuma pesa.

Sisi tunahamisha pesa kwa simu, na michango kama hii tunaipenda. Imeokoa watu wengi. Lakini tunauliza: mgonjwa mwenyewe aliulizwa?

Mama atapona, arudi sokoni au kazini. Ile barua haitafutika kwenye simu za watu mia mbili. Kama ni kifua kikuu, virusi vya ukimwi au ugonjwa wa akili, kuna mteja atakayehama kibanda na mwajiri atakayeanza kutafuta sababu. Pesa ya mchango huisha, lakini maneno hayaishi.

Najua utasema, “Bila ushahidi watu hawachangi, matapeli wamejaa.” Ni kweli. Lakini picha si ushahidi. Tapeli huchukua picha hizo hizo, akabadilisha nambari ya simu tu, na kitambulisho umempa bure. Ushahidi mzuri ni kulipa moja kwa moja kwa nambari ya Paybill ya hospitali. Thibitisha nambari hiyo na hospitali yenyewe, kisha hakikisha jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza kutuma.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Kliniki au kampuni ikimwaga siri yako, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Lakini sheria hiyo haikuandikwa kuwachunga watu wa nyumba moja wanapopiga gumzo. Hapo kinachomlinda mama ni heshima yetu tu.

Na sisi watu wa malipo hatujitoi. Stetimenti yako inaongea sana. Inaonyesha umelipa kliniki gani, siku gani, mara ngapi. Ukimtumia landilodi au mkopeshaji ile ya miezi sita, huenda umemsomea historia yako ya matibabu bila kujua. Kwa maoni yetu, kampuni yoyote ya malipo, yetu ikiwemo, inafaa kuichukulia rekodi hiyo kama vile daktari anavyochukulia faili.

Kwa hivyo, ukiwa msimamizi wa kikundi:

• Muulize mgonjwa kwanza. Kama hawezi kuongea, muulize aliye karibu naye zaidi.
• Andika “anahitaji matibabu” na kiasi kinachohitajika. Inatosha.
• Ukituma bili, funika jina la ugonjwa na namba ya kitambulisho.
• Meseji za malipo usizisambaze. Andika tu jumla iliyofika.
• Mtu akipiga simu ati anatoka hospitali au bima na anataka PIN yako, kata simu. Hakuna matibabu yanayohitaji PIN yako.

Mama akitoka wodini, yeye ndiye aamue nani ataambiwa alikuwa anaugua nini.