Kiraka Si Aibu

Labda wadhani kwamba kutia nguo kiraka ni kazi ya mtu asiye na fedha. Basi sikiliza habari hii.

Huko Ventura, katika California, Marekani, iko kampuni ya nguo iitwayo Patagonia, iliyoanzishwa na Bwana Yvon Chouinard mwaka 1973. Mwaka 1988 wafanyakazi wa duka lake jipya mjini Boston waliumwa vichwa. Ilipochunguzwa, ilionekana ni dawa iliyotiwa katika nguo za pamba ili zisijikunje. Wakuu wakafuata habari za pamba mpaka shambani, wakaona jinsi dawa za wadudu zinavyoharibu udongo na maji. Wewe unayelima pamba wajua harufu yake. Tangu mwaka 1996 wananunua pamba iliyolimwa bila dawa za viwandani, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Mwaka 2011 walitoa tangazo katika gazeti la New York Times: picha ya koti lao, na maneno ya kuwaambia watu wasilinunue! Walieleza kwamba koti moja hula lita 135 za maji. Wakaomba kila mtu anunue anachohitaji tu, na kilichochanika kishonwe.

Je, waliacha kuuza? La, wanauza mpaka leo. Lakini walikiri kwamba hakuna nguo mpya isiyoigharimu ardhi kitu.

Basi mama, gauni la mtoto likifumuka, shika sindano leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawe baba, suruali safi yenye kiraka, ivae bila haya.