KITI KIKUU HAKINA KABILA

Bado tunawasikia watu, hata huku Kibiti na katika delta ya Rufiji, wakisema kwamba kuongoza kampuni kubwa si kazi ya mwanamke. Twashangaa. Je, Warufiji wamesahau kuwa hadi mwaka 1965 mbunge wao alikuwa Bibi Titi Mohamed?

Maneno hayo si mageni. Taifa lilipozitwaa benki mwaka 1967, wako waliodhani kuwa Mwafrika hataweza kuziendesha. Ndugu Amon Nsekela alikabidhiwa Benki ya Taifa ya Biashara, wala milango yake haikufungwa. Mwaka 2020 Benki ya NMB ilimpa usukani Bi. Ruth Zaipuna, nayo ikaendelea kupata faida.

Lakini mmoja si wote. Katika mabaraza ya wakurugenzi wanaume bado ndio wengi, na wapo wanaopeana vyeo kwa ukoo na kabila. Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba katika kupewa kazi raia wote ni sawa, awe mweusi, Mhindi au Mzungu. Baadhi ya watu walinung'unika, lakini haki ilikuwa upande wake. Kipimo hicho kimfae pia mwanamke, na kimfae mtoto wa kabila lolote.

Mambo haya ya Dar es Salaam yanamhusu nini mama anayelinda mpunga juu ya dungu? Yanamhusu sana, kwani asiyekuwepo na lake halipo. Wakubwa hao ndio waamuao nani akopeshwe na kwa dhamana gani. Mama huyo hana hati ya nyumba. Ana shamba, mtumbwi na jasho lake. Mkurugenzi asiyeyajua maisha hayo atamwona ombaomba, kumbe ni mzalishaji mali.

Twataka basi mambo mawili. Makampuni, yale ya umma yakitangulia, yatangaze wazi nafasi za juu, na kila mwaka yawaeleze wananchi ni nani waliozishika. Nao wazazi wa delta wasimtoe binti shuleni akaamie ndege. Na pale ambapo mtoto huvuka maji kwenda kusoma, Serikali ijenge bweni. Ngazi hupandwa kuanzia chini.

Hatuombi hisani kwa ajili ya mtu yeyote. Twadai haki, na haki haichagui kabila, rangi, mume wala mke.